Kutoka -nge- hadi -ta-: Nafsi na Wakati katika Santuri ya Kate Bush, Hounds of Love

Santuri iitwayo Hounds of Love, kazi ya mtungaji na mwimbaji wa Kiingereza Kate Bush, ilitolewa na kampuni ya EMI katika mwezi wa Septemba, mwaka 1985. Mara baada ya kutoka ilishika nafasi ya kwanza kwa mauzo nchini Uingereza, ikaiondoa Like a Virgin ya Madonna. Tangu hapo haikukosa wa kuisifu. Sifa zake, hata hivyo, aghalabu huelekezwa kwenye mambo mawili: ufundi wa vyombo na uzuri wa sauti. Maneno yake huchukuliwa kuwa kisa cha kueleza tu, na kisa chenyewe hudhaniwa kuwapo katika upande wa pili peke yake, kana kwamba upande wa kwanza ni mkusanyiko wa nyimbo za sokoni zilizobandikwa mbele ya kazi ya maana.

Maoni hayo yafaa kupimwa upya, hasa baada ya mambo yaliyotokea mwaka 1922 na 100 juu yake, yaani 2022. Mwaka huo wimbo wa kwanza wa santuri hii, Running Up That Hill, ulitumiwa katika mfululizo wa michezo ya televisheni wa Kimarekani uitwao Stranger Things, ukapanda hadi nafasi ya kwanza nchini Uingereza, miaka 37 baada ya kutolewa kwake. Mwaka 1985 ulikuwa umefika nafasi ya tatu. Kizazi kizima kikaujua wimbo huo ukiwa peke yake, bila nyimbo 11 zinazoufuata. Swali la mhakiki ni hili: je, msikilizaji huyo amepotewa na kitu? Jibu la makala haya ni kwamba amepotewa na nusu ya mazungumzo. Wimbo wa kwanza ni ombi, na nyimbo 11 zilizobaki zaeleza ombi hilo lilifikia wapi. Uhusiano huo hauonekani katika kisa. Waonekana katika sarufi, yaani katika matumizi ya nafsi na ya wakati wa vitenzi.

Yafaa kuanza na jinsi kazi yenyewe ilivyopatikana, kwani hali hiyo ina athari juu ya maneno yake. Kate Bush alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la Kent, binti wa daktari Mwingereza na mama wa Kiayalandi. Mwaka 1978 alitoa Wuthering Heights, akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe. Lakini santuri yake ya mwaka 1982, The Dreaming, iliwatatiza wasikilizaji wengi, na sahani ndogo zilizotolewa kutokana nayo hazikuuzwa vema. Baada ya hapo alijenga studio yake mwenyewe katika banda la shambani kwa wazazi wake, huko Welling, akafanya kazi humo pasipo kuhesabiwa saa na mtu. Chombo chake kikuu kilikuwa Fairlight CMI, mashine iliyoundwa Australia, yenye uwezo wa kunasa sauti yoyote ya dunia na kuirudisha kwa kinanda, iwe juu au chini kama mpigaji apendavyo. Mtu mwenye chombo kama hicho aweza kuitenga sauti na mwenye sauti. Aweza kuikata, kuigeuza nyuma mbele, na kuipa kinywa kingine. Jambo hili yafaa kukumbukwa, kwa kuwa santuri nzima yashughulika na swali la nani anasema na nani anasikia.

Ombi la wimbo wa kwanza lajulikana sana. Msemaji asema kwamba lau angeweza, angefanya mapatano na Mungu ili yeye na mpenzi wake wabadilishwe nafasi. Mtungaji mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akifikiri juu ya mwanamume na mwanamke wasioelewana, na kwamba kama kila mmoja angekaa mahali pa mwenziwe, labda wangeelewana. Jina alilolichagua lilikuwa A Deal with God, yaani mapatano na Mungu. Kampuni ikahofu kwamba katika baadhi ya nchi zenye dini nyingi redio zitaukataa wimbo wenye jina la Mungu katika anwani yake. Naye, akikumbuka yaliyoipata The Dreaming, akakubali jina libadilishwe. Katika santuri lile la asili likabaki kama jina la pili.

Badiliko hilo la jina limezungumzwa mara nyingi kama jambo la biashara. Lina maana ya lugha pia. Jina la asili lataja mapatano kana kwamba yamekwisha kufanywa, na sarufi ya wimbo yasema kinyume chake. Hakuna mapatano yoyote ndani ya wimbo huu. Kuna -nge- peke yake. Msemaji hamwambii Mungu neno hata moja. Amwambia mpenzi wake kile ambacho angemwambia Mungu kama angeweza. Mungu ametajwa, hakusemeshwa. Mfasiri wa Kiswahili hulitambua jambo hili upesi kuliko msomaji wa Kiingereza, maana kiambishi chake humlazimisha kuliweka katika kila kitenzi, na hawezi kulipita bila kulitamka.

Kiswahili chatoa msaada wa pili. Katika Kiingereza maneno ya mimi na wewe husimama nje ya kitenzi, yakaweza kuondolewa na kurudishwa kama viti. Katika Kiswahili yamo ndani ya kitenzi chenyewe. Nimekuumiza na umeniumiza ni vitenzi viwili vyenye mzizi mmoja, na tofauti yake ni kwamba wawili hao wamebadilishana mahali tumboni mwa neno. Kila mazungumzo ya binadamu hufanya badiliko hilo bila taabu: aliyekuwa mimi huwa wewe mara mwenziwe anapofungua kinywa. Kile ambacho msemaji wa wimbo huu akitamani kutoka kwa Mungu ni kitu ambacho sarufi hutoa bure kila siku, na maisha hukikataa. Tena wataalamu wetu walipotafuta neno la kuita mimi, wewe na yeye walichagua nafsi, neno ambalo kwa watu wote ni roho na utu wa mtu. Nafsi na nafasi ni maneno ya shina moja la Kiarabu, shina la pumzi. Kubadilishana nafasi, kwa msikilizaji wa Kiswahili, kuko karibu sana na kubadilishana nafsi. Na santuri inayoanza na ombi hilo yaishia na mtu aliye baharini akiipigania pumzi.

Wimbo huu hautaji mwanamume wala mwanamke. Una mimi, wewe, na Mungu. Kwa sababu hiyo waweza kuchukuliwa na yeyote. Katika mchezo wa mwaka 2022 uliwekwa masikioni mwa msichana anayeomboleza kifo cha ndugu yake wa kambo, jambo lisilohusiana na ugomvi wa wapendanao, na bado ulimfaa. Hapo hapakuwa na upotoshaji wa maana. Nafsi ya kwanza na ya pili ni mahali patupu panapongoja mtu wa kukaa. Hatari iko kwingine: msikilizaji akiishia hapo, aondoka na -nge- tupu, akidhani kwamba matamanio ndiyo maneno ya mwisho ya kazi hii.

Nyimbo nne zinazomalizia upande wa kwanza zaonyesha namna mbalimbali za kusema pasipo kujibiwa, ijapokuwa si zote zenye nguvu sawa. Ule uliobeba jina la santuri waanza kwa sauti ya mtu aliyenaswa kutoka katika filamu ya Night of the Demon ya mwaka 1957, kisha msemaji aeleza woga wake wa kupendwa, akiyakimbia mapenzi kama mnyama anayefukuzwa na mbwa. The Big Sky, juu ya kutazama mawingu, ni dhaifu kuliko zote kwa hoja yake. Una furaha na ngoma nyingi, lakini ukiondolewa haidhuriki jengo. Mother Stands for Comfort ni kinyume chake. Ni wimbo mfupi, mkavu, ulioshikwa na besi ya Mjerumani Eberhard Weber, nao ni maneno ya mtu aliyetenda uovu mkubwa na kufichwa na mamaye. Mama huyo, ambaye wema wake ndio mada yote, hapewi hata neno moja la kusema. Ukimya wake ndio ukatili wa wimbo: hajulikani kama amekubali au ameshindwa.

Cloudbusting watokana na kitabu cha Peter Reich, A Book of Dreams, kilichotolewa mwaka 1973. Baba yake, Wilhelm Reich, daktari wa nafsi aliyehamia Marekani, alidai kwamba amebuni mashine ya kuleta mvua. Alitiwa gerezani, akafa humo mwaka 1957. Wimbo wamfanya mwana kuwa msemaji na baba kuwa wewe. Ni mazungumzo na mtu aliyekwisha kuchukuliwa. Lakini hapa, mwishoni mwa upande wa kwanza, wakati ujao waingia kwa uwazi. Mwana ana yakini kwamba jambo jema litatokea, wala hajui lini. Yafaa kitenzi hicho kitazamwe kwa makini: litatokea, chenye li- ya jambo. Tumaini lipo, na halina mtu wa kulitenda. Jambo ndilo litakalokuja lenyewe. Ni hatua mbele ya -nge- ya wimbo wa kwanza, lakini ni hatua nusu, kwani nafsi ya kwanza haijathubutu kuahidi kitu.

Upande wa pili una jina lake mwenyewe, The Ninth Wave, yaani wimbi la tisa, na nyimbo saba zilizoungana. Jina limetoka kwa Tennyson, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 19, katika tungo zake juu ya mfalme Arthur. Wahakiki wengi wamelichukua wimbi hilo kuwa la mauti. Aliyesoma Tennyson ajua kwamba kwake wimbi la tisa ndilo lililomleta mtoto Arthur ufukoni. Ni wimbi la kuzaliwa, na tangu jina lake kazi hii imeegemea upande wa uhai. Kisa ni chepesi: mtu ameachwa peke yake baharini usiku, amevaa boya la kujiokoa lenye taa ndogo, anajizuia asilale.

Katika And Dream of Sheep mtu huyo atamani redio ili asikie watu wakizungumza mambo yasiyo na maana. Hili ni tamko la kweli kabisa juu ya lugha. Mtu aliye karibu na kufa hatamani hekima; atamani porojo, kwa sababu porojo ni ushahidi kwamba kuna wawili, na kwamba mmoja akinyamaza mwingine atadakia. Katika Under Ice msemaji ateleza juu ya barafu, aona kitu kinaenda chini yake, na kitu hicho ni yeye mwenyewe. Kiswahili chaweza kuipima safari hiyo kwa ngeli: kilichoanza na ki- ya kitu chaishia kuwa mimi. Nafsi imegawanyika, anayeona na anayeonwa hawawezi kusemezana, kwani barafu imo kati yao.

Waking the Witch waanza na sauti nyingi za jamaa na marafiki zikimwita mtu aamke. Kisha sauti hizo nzuri zageuka kuwa baraza la hukumu. Sauti nzito yamshitaki kwa uchawi, maneno ya Kilatini cha kanisani yapita, na mshitakiwa anapojaribu kujibu, mashine yamkata maneno vipande vipande. Hapa ndipo msomaji wa maneno yaliyochapwa adanganyikapo. Karatasini mwanamke huyu ana maneno. Masikioni hana, ana vipande vya silabi tu. Uchunguzi wowote wa nyimbo unaotegemea maandishi peke yake utasema kwamba alijitetea. Hakupewa nafasi ya kujitetea, na nafasi, kama ilivyokwisha kusemwa, ni pumzi.

Watching You Without Me ni mahali penye uchungu kuliko pote. Mwenye kuzama amerudi nyumbani kwake kama kivuli, awaona wanaomngoja, nao hawamwoni wala hawamsikii. Wimbo wafikia hali ambayo maneno yamevurugika na kuwa sauti zisizofahamika. Ombi la wimbo wa kwanza limejibiwa hapa kwa namna ya kutisha: msemaji amepata kukaa mahali pa mwingine, mahali pa mtazamaji, na kwa kufanya hivyo amepoteza nafsi ya pili. Hana tena mtu wa kumwita wewe akaitika. Kate Bush alipouonyesha upande huu jukwaani mjini London mwaka 2014, katika maonyesho 22 yaliyokuwa ya kwanza ya aina hiyo kwake tangu mwaka 1979, wimbo huu uliwekewa baba na mwana wakizungumza juu ya chakula cha jioni. Ilikuwa porojo ile ile iliyotamaniwa baharini, nayo sasa imepatikana, lakini si kwake.

Mgeuko waja katika Jig of Life, wimbo uliojengwa juu ya muziki wa dansi wa Ayalandi, nchi ya mama wa mtungaji. Mwanamke mzee ajitokeza na kumkataza anayezama asikate tamaa. Mzee huyo ni yeye mwenyewe wa miaka ijayo, amekuja kuomba apewe nafasi ya kuishi. Mimi na wewe hapa ni mtu mmoja. Badiliko lililoombwa kwa Mungu kati ya watu wawili, na kutopatikana, lapatikana ndani ya nafsi moja iliyogawanywa na wakati. Wewe wa leo ndiwe mimi wa kesho. Lakini kesho haina kinywa cha kusemea kama leo haitaishi. Hoja hii ni ya sarufi na ya uhai kwa pamoja, na ndiyo kiini cha santuri nzima. Mhakiki aweza kulalamika kwamba mashairi yanayosomwa na kaka wa mtungaji karibu na mwisho wa wimbo yaeleza kwa maneno mengi jambo lililokwisha kuelezwa na fidla. Lalamiko hilo ni la haki.

Katika Hello Earth msemaji aitazama dunia kutoka juu sana na kuisalimu. Salamu ni neno linalodai jibu kuliko yote, na dunia haijibu. Badala yake yaingia kwaya ikiimba Tsintskaro, wimbo wa jadi wa Georgia ambao Kate Bush aliusikia katika filamu ya Nosferatu ya Werner Herzog ya mwaka 1979. Karibu wasikilizaji wote wa Ulaya ya Magharibi huudhania kuwa wimbo wa mazishi, kwa kuwa lugha hawaijui na sauti ni nzito. Maneno yake ni juu ya msichana mwenye mtungi aliyekutwa kwenye chemchemi. Mtaalamu wa lugha ana haki ya kuuliza kama ni vema wimbo wa watu kutumiwa kama sauti tupu. Hata hivyo kuna jambo la ajabu katika bahati hii: mahali penye giza kuliko pote katika kazi hii, asiyejua lugha asikia kifo, na aijuaye asikia mkutano wa watu wawili mahali pa maji. Kwa hiyo wimbo wa mwisho hauji ghafula kama wanavyodai baadhi ya wasikilizaji. Ulikwisha kutangazwa, kwa lugha ambayo wachache waliifahamu.

Wimbo huo wa mwisho ni The Morning Fog. Kwa miaka mingi watu wamebishana kama mwenye kuzama ameokolewa au amekufa, na mtungaji amekwisha kusema kwamba aliokolewa. Wanaokataa huonyesha kwamba msemaji ajieleza kuwa anaanguka kama jiwe. Ubishi wao watafuta jibu katika picha, na picha zaweza kwenda huku na huku. Vitenzi ni mashahidi thabiti zaidi. Kwanza amwambia mtu, kwa wakati uliopo, kwamba sasa ampenda vizuri zaidi. Kisha awataja jamaa zake mmoja mmoja, mama, baba, mpenzi na ndugu, naye aahidi kwamba atawaambia jinsi anavyowapenda. Nitawaambia: kitenzi chenye ni- ya mimi, -ta- ya wakati ujao, na -wa- ya watu wenye masikio. Viungo vyote vilivyokosekana vimo. Katika wimbo wa kwanza palikuwa na -nge-. Mwishoni mwa upande wa kwanza palikuwa na litatokea, tumaini lisilo na mtu. Hapa mtu amerudi ndani ya kitenzi, amesimama mwanzoni mwake, na wale waliokuwa hawamsikii wamewekwa karibu na mzizi.

Hata hivyo yafaa kutolizidisha jambo. Ahadi ya kusema bado si kusema. Santuri yaisha kabla mama hajasikia chochote, na msikilizaji haambiwi kama maneno hayo yalitamkwa. Kutoka -nge- hadi -ta- ni safari kutoka kwa lisilowezekana hadi kwa linalowezekana, wala haifiki kwenye -me-. Huo ndio unyofu wa kazi hii. Kuokolewa kwake hakumpi mtu yule alichoomba. Hakubadilishana nafasi na yeyote. Amerudishiwa nafasi yake mwenyewe, pumzi yake, na kazi nyepesi iliyo ngumu ya kumwendea mtu na kumwambia neno huku akingoja jibu. Wale walioijua santuri hii mwaka 2022 kwa wimbo wake wa kwanza wana sababu ya kuigeuza na kuusikiliza upande wa pili, na wale walioijua tangu mwaka 1985 wana sababu ya kurudi upande wa kwanza.